Mdudu Atakayeitwa Burito

Jumanne, 8 Julai 2025

Kikao cha asubuhi. Chai ya rangi, maandazi magumu, habari mbaya. Mkurugenzi wetu, Mama Ghati, ametangaza kwamba bodi ya makumbusho yetu ya Musoma itakaa Ijumaa ya tarehe mosi Agosti kuamua habari ya chumba changu. Chumba changu! Chumba cha wadudu, nilichokilea tangu nikiwa na nywele kichwani. Eti wageni hawaingii. Nikasema wanaingia. Mama Ghati akasema wanaingia wakitafuta choo, maana mshale wa choo unaelekea kwangu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Bodi ikiamua vibaya, chumba anapewa Prosper, mhifadhi wa samaki, aongeze matanki yake. Mimi nahamia getini kukata tiketi. Mtu na shahada yake, miaka yote hii na vipepeo, akakate tiketi! Prosper aliinamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Baada ya kikao nikamkuta anapima mlango wangu kwa futi kamba. Akasema anapima tu kwa kujifurahisha.

Huyu Prosper ana sangara mmoja mkavu, mkubwa kama mtu mzima, kamtundika ukumbini kwa waya. Watoto wa shule wanapigaga naye picha. Sasa nani atapiga picha na kipepeo?

Lakini nimesikia jambo moja. Bodi imemwalika Profesa Mihayo, bingwa wa mbawakawa nchi nzima, aje kutoa ushauri. Nimetoka kazini nikatembea mpaka ziwani, nikarudi, nikaenda tena. Siwezi kukaa. Kuna kitu kinakuja kichwani.

Jumatano, 9 Julai

Kimekuja! Lazima kuwe na mdudu mwenye jina langu.

Fikiria. Mdudu mpya kabisa duniani, jina la Kilatini mbele, Burito nyuma. Limeandikwa vitabuni, linasomwa Ulaya, linasomwa Japani. Nani atathubutu kumweka getini mtu wa namna hiyo? Hata Prosper ataniamkia.

Tatizo ni moja. Huwezi kumpa mdudu jina lako mwenyewe. Wataalamu watakucheka mpaka unaingia kaburini. Lazima akupe mtu mwingine. Na Profesa Mihayo ni mtu wa kugawa majina! Amempa dereva wake mdudu. Amempa mpishi wa kambi. Amempa daktari wake wa meno. Daktari wa meno jamani, aliyeng'oa tu jino!

Nikampigia simu. Nikamsifia mpaka salio likaanza kulia. Akasema kama nina chochote kutoka visiwani atafurahi kukiona, ila kiwe hai, na chakula chake, hataki maiti. Nikamtajia jina langu kamili, Wenceslaus Burito, mara kadhaa, na herufi zake. Akauliza kama simu yangu ina matatizo.

Jumamosi, 12 Julai

Kisiwani Rukuba na kurudi. Nimetapika kwenda, nimetapika kurudi. Jamaa wa mtumbwi alisema ziwa limetulia leo. Sitaki kuliona likichafuka.

Mwezi ni mkubwa siku hizi, kwa hiyo dagaa hawavuliwi. Kisiwa kizima wanaume wanacheza bao na kushona nyavu. Nikamtafuta mama mmoja muuza dagaa, anaitwa Naomi, nikamwomba gunia lake baya kuliko yote. Akaniuliza mimi ni bwana afya. Nikasema hapana, natafuta wadudu. Akaniangalia sana, kisha akauliza mke wangu anajua niko wapi.

Akanitolea gunia la zamani lililosahauliwa nyuma ya nyumba. Nikalifungua. Mungu wangu! Linatembea lenyewe! Mbawakawa wadogo, weusi, na ukiwageuza tumbo ni jeupe kama chaki. Na viluwiluwi vyao vyenye manyoya, mamia kwa mamia, vinatafuna dagaa kwa bidii. Mimi ni mtu wa vipepeo, mbawakawa siwajui sana, lakini macho ninayo. Tumbo jeupe vile sijapata kuliona.

Ningeweza kuhakikisha kwenye kitabu cha mbawakawa. Ila kitabu hicho nilimwazima Prosper, naye amekiweka chini ya tanki lake lililopinda. Kumwomba ni kumwonyesha kwamba nina shida. Kwenda zake. Tumbo jeupe linatosha.

Mama Naomi alinipa gunia bure akasema nisirudi.

Jumatatu, 14 Julai

Gunia limeingia chumbani kwangu kupitia dirishani. Limekaa nyuma ya kabati kubwa la vipepeo, halionekani. Linanuka, hilo siwezi kukataa. Paka wa jirani ameshakuja na wenzake.

Kisha nikashtuka. Vidonge! Kila droo ya vipepeo ina vile vidonge vyeupe vya kabatini, vinavyonuka kama sanduku la bibi. Kazi yake ni kufukuza wadudu waharibifu. Sasa mgeni wangu naye si mdudu? Akivuta harufu ile akafa, nitamwonyesha Profesa nini? Nimevitoa vyote, droo moja baada ya nyingine, nikavimwaga kwenye pipa la taka. Chumba sasa kina hewa safi, ukiacha dagaa.

Prosper alipita akinusa. Akauliza kama nimeanza kuuza kitoweo. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, hawezi kuyaelewa. Akaenda kumwita Mama Ghati. Mama Ghati akasimama mlangoni na kitambaa puani, akasema chochote kile kilichomo, kitoke leo. Nikasema ndiyo Mama. Nikakisukuma ndani zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Nilishindwa kutulia, nikaomba ruhusa nikaenda Butiama kwa shangazi Boke, aliyenilea. Nilitaka aisikie habari kabla ya dunia. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza: Shangazi, tarehe mosi Agosti kuna kiumbe kitapewa jina langu, Burito.

Ungo ukasimama. Akauliza nani amekufa.

Nikasema hakuna aliyekufa. Akasema basi hakuna jina la kutoa. Kwetu, katika ukoo huu, jina linakwenda kwa kichanga mwenye jina akishalala kaburini. Akasema mimi mwenyewe nimepewa jina la babu baada ya babu kuzikwa, na nililia siku nzima mpaka nikaitwa hivyo, hata majirani wanakumbuka. Sasa nani hao wa mjini wanataka kumchukulia mtu jina angali anatembea? Wananitakia nini?

Nikamweleza kwamba ni heshima, ni mambo ya sayansi. Akarudi kwenye ungo. Kisha akauliza hicho kiumbe kinakula nini. Nikasema dagaa. Akauliza na nini kingine. Nikasema sijui bado. Akasema eti mimi nataka kumpa babu yangu mjukuu ambaye sijui hata anakula nini.

Nimeondoka na mtama kidogo na aibu nyingi. Lakini mtu hawezi kurudi nyuma kwa maneno ya uani.

Jumanne, 22 Julai

Prosper ni nyoka! Nimesikia amemwandikia Profesa Mihayo kumkaribisha sato wa kuchoma siku atakayofika. Anataka kumshibisha mtu wangu. Nimezunguka jengo mara sijui ngapi kwa hasira. Mlinzi akauliza kama nimepoteza funguo.

Gunia limepungua uzito. Vizuri, wanakula! Ila wengi siwaoni. Nadhani wana aibu. Wadudu wengine huwaga hivyo, wanajificha kabla ya kuwa maarufu.

Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Profesa atasema, Wenceslaus, mdudu huyu nimempa jina lako. Mimi nitasema, hapana Profesa, mimi ni nani? Mke wangu akapita akasema nina sura ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Ijumaa, 25 Julai

Sijui nimlilie nani.

Asubuhi nikafungua droo ya juu nipanguse vumbi kabla ya bodi. Vumbi lilikuwa ndani. Vumbi tupu! Vipepeo hakuna. Zimesimama pini, mstari kwa mstari, na chini ya kila pini kivumbi kidogo cha rangi. Nikafungua droo ya pili. Pini. Ya tatu, pini. Katikati ya droo ya nne kuna kiluwiluwi kimoja chenye manyoya, kimenona, kinapanda juu ya kichwa cha kereng'ende kama mtu anayemalizia sahani.

Wametoboa gunia. Wametoboa ubao wa nyuma wa kabati, matundu madogo safi, kana kwamba fundi alikuja na keekee. Wamekula kila kitu chenye mabawa.

Nikakaa chini sakafuni. Kulikuwa na kipepeo wa bluu niliyemkamata nikiwa kijana, kando ya ziwa, viatu mkononi. Nilikuwa nikiona siku mbaya namfungua, namwangalia, nafunga. Hakuna mgeni aliyewahi kumtazama, hata wa choo. Nililia, nasema kweli. Nililia mpaka paka wakaondoka.

Kisha nikanyanyuka. Wiki moja imebaki. Droo zimebaki. Lebo zimebaki. Zinakosa wadudu tu!

Jumatatu, 28 Julai

Bunda. Nilipanda gari la alfajiri nikaenda kwa Makoye, niliyesoma naye, sasa mkulima wa pamba. Huu ndio msimu wa kuvuna, na penye pamba ya kuvunwa pana kangambili, wale wadudu wekundu wenye michoro myeusi wanaotia madoa pamba. Nikamwambia nataka kangambili. Akauliza wangapi. Nikasema wote.

Makoye alikaa juu ya robota lake akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kila mwaka analia na wadudu hawa, leo Mungu amemletea mtu wa kuwachukua kwa mkono. Akaita familia nzima kuja kuniangalia. Nikaokota mpaka jua likanichoma shingo. Nimejaza makopo ya siagi, makopo ya maziwa, na kofia yangu.

Wakati wa kuniaga akaniuliza kama kazini kwetu hatuna daktari.

Alhamisi, 31 Julai

Makopo nilikuwa nimeyaweka kwenye friji nyumbani ili kangambili wafe polepole bila kuharibika rangi. Mke wangu amefungua kopo la siagi asubuhi akiwa na mkate mkononi. Sitaandika alichosema. Amekwenda kwa dada yake, amechukua friji.

Haidhuru! Walikuwa wameshalala. Siku nzima nimewapanga. Pini zingechukua muda, nikatumia gundi. Wakubwa mbele, wadogo nyuma, kila mmoja juu ya lebo yake. Droo kwa droo nyekundu mpaka macho yanauma. Mtu akipita haraka anaweza kusema ni vipepeo wamekunja mabawa.

Prosper amenyoa nywele. Anajiandaa kushinda. Ajiandae tu.

Ijumaa, 1 Agosti

Nitaandika yote.

Profesa Mihayo ni mtu mfupi, mpole, ana miwani mbili, moja machoni moja kifuani. Alikuja na wajumbe wa bodi, Mama Ghati mbele, Prosper nyuma akinuka moshi wa sato. Nikawakaribisha chumbani. Nikasema maneno machache kuhusu heshima ya sayansi. Nikajitaja jina.

Profesa akafungua droo ya kwanza. Akabadilisha miwani. Akasoma lebo kwa sauti, kipepeo wa msituni, jike. Akaangalia mdudu. Akasoma lebo ya pili, nondo mkubwa wa mwezi. Akaangalia mdudu. Akaniuliza taratibu kama pale Musoma kuna aina nyingine ya kipepeo ambayo yeye hakufundishwa.

Nikiwa nasogea kuifunga droo, kipepeo wa msituni akanyoosha mguu.

Hawakuwa wamekufa! Baridi na mvuke wa gundi ndani ya droo vilikuwa vimewalaza tu, na hewa ya chumba ikawaamsha. Akaamka mmoja, akaamka mwenzake, akaamka ukoo mzima. Gundi ilikuwa ya bei rahisi. Iliachia kwenye ubao, haikuachia kwenye lebo. Wakatoka kwenye droo wakitembea na lebo zao miguuni, jina la Kilatini kwa kila mmoja, wakapanda meza, wakapanda mafaili ya wajumbe. Nondo mkubwa wa mwezi akapanda mkono wa Mama Ghati mpaka begani. Mama Ghati hakupiga kelele. Aliniangalia tu. Afadhali angepiga kelele.

Bado nilikuwa na karata yangu. Nikavuta gunia kutoka nyuma ya kabati, nikalifungua mbele yao, nikasema Profesa, tazama! Tumbo jeupe!

Hapo hapo mlango ukasukumwa. Shangazi Boke! Na wazee wawili wa ukoo, wametoka Butiama na gari la kwanza. Akawasalimia watu vizuri, kisha akamgeukia Profesa. Akasema yeye hana ugomvi na msomi, ila mtoto wao bado yuko hai, anakula na kutembea, kama wanavyomwona, ingawa habari ya akili zake hawaijui. Jina lake hawalitoi. Wala hawamtoi babu yao awe mla dagaa. Kama huyo mdudu anasumbuliwa na kukosa jina, wamtafutie marehemu wa ukoo mwingine.

Profesa akainama kwenye gunia, akachukua mdudu mmoja, akamgeuza tumbo. Akamwambia Shangazi asiwe na wasiwasi hata kidogo. Mdudu huyu alishapewa jina zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Yuko dunia nzima, penye samaki wakavu na ngozi. Kila makumbusho yanamjua, maana ndiye adui wa makumbusho. Akauliza kwa upole nani aliyemleta ndani, na vidonge vya kwenye droo viko wapi.

Shangazi akasema ahsante, akamshukuru Mungu kwa sauti. Wazee wakaomba maji ya kunywa.

Bodi haikuchukua muda. Chumba kwa Prosper. Mimi getini. Mama Ghati alinipa habari akiwa bado anajitoa kangambili kwenye kilemba. Akasema anasikitika. Nadhani ni kweli, na ndilo lililoniuma zaidi. Ningependa anigombeze.

Shangazi alinisubiri nje. Akanishika mkono kama zamani akinipeleka shule. Akasema kazi ni kazi, na getini watu watanijua. 

Jumatatu, 11 Agosti

Mke wangu amerudi na friji. Mimi nimeshaanza getini. Kibanda cha mbao, kiti, dirisha dogo. Wageni wananiuliza choo kiko wapi.

Prosper amehamisha sangara wake na kumtundika katikati ya chumba changu cha zamani. Leo alikuja analalamika kwamba sangara anadondosha unga. Nikamwambia ni uzee.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: kibanda kina mchwa! Niliwaona wiki iliyopita, wanapanda kwenye mguu wa meza. Nimewachunguza kwa jua la dirishani. Vichwa vyao vina wekundu fulani. Wekundu huo sijapata kuuona popote! Mimi ni mtu wa vipepeo, mchwa siwajui sana, lakini macho ninayo. Profesa Mihayo nimempigia, hakupokea. Nimempigia tena. Mtu mwenye shughuli nyingi yule.

Fundi alitumwa na Mama Ghati kuja kupiga dawa. Nimemfukuza. Awaue kabla Profesa hajafika? Na habari hii Butiama sitaipeleka safari hii, watajua ikishachapishwa.

Shida ilikuwa chakula. Mbao za kibanda zinaelekea kuisha, na mchwa wakikosa chakula watahama. Nikajaribu karatasi. Wanapenda! Nimewawekea vitabu vyote vya tiketi, wanakula vizuri sana, raha kuwatazama.

Leo wageni wote wameingia bure, maana tiketi sina tena. Mama Ghati amesema nionane naye kesho asubuhi ofisini kwake, mapema, na nije na funguo zote. Nimeshanyoosha shati. Nadhani anataka kunirudishia chumba.